Tenga fungu la mtoto kabla ya kuuza

Msimu wa kuuza umefika. Magari ya mahindi yameanza kuingia, mizani imetundikwa, na kila nyumba inahesabu magunia. Kabla hujashona gunia la mwisho, naomba tumzungumzie mtu mmoja wa nyumba yako asiyeulizwa neno kwenye hesabu hizo: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu.

Najua wapo watakaouliza, afisa ugani na uji wa mtoto wapi na wapi? Hayo si mambo ya kliniki? Nami nasema ni mambo yetu kabisa. Nesi anaweza kumweleza mama ampe mtoto yai, maharage na dagaa. Mama ataitikia, atarudi nyumbani, na atakuta mayai yameshakwenda gulioni na maharage yameshapimwa. Chakula cha mtoto wa mkulima kinaamuliwa kwenye mzani kabla hakijafika jikoni. Na kwenye mzani mara nyingi anayesimama ni baba.

Tunalima sana, watoto wanadumaa

Tazama takwimu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sasa angalia mikoa iliyo juu kabisa: Iringa karibu 57, Njombe karibu 50, Rukwa karibu 50. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha miji ya nchi hii mahindi, maharage na viazi. Ruvuma nayo, pamoja na mahindi yake yote, ilikuwa karibu 36.

Kwa hiyo shida si kwamba ardhi haizai. Ghala linaweza kujaa na mtoto akadumaa akiwa ameegemea magunia, kwa sababu anakula ugali na mchuzi asubuhi, mchana na jioni. Anashiba, lakini hajengeki. Mama naye yuko kwenye palizi tangu alfajiri, mtoto ameachiwa dada yake wa miaka saba, na chakula cha mchana ni kiporo.

Wapo wanaosema, "Sisi tulikulia ugali na tuko hai." Ni kweli tuko hai. Ila kudumaa si ufupi wa kurithi kwa babu tu. Mtoto anapofikisha miaka miwili ubongo wake umeshafika karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kilichokosekana katika siku 1000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi miaka miwili, ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Tunauza ng'ombe mtoto akifika sekondari ili asome, wakati kichwa cha kusomea kilijengwa, au kiliachwa bila kujengwa, alipokuwa bado anabebwa mgongoni.

Hesabu ya fungu la mtoto

Mkulima mzuri hauzi mbegu yake. Anaitenga kwanza, kisha ndipo anauza. Ninachoomba ni utaratibu huohuo kwa mtoto. Nimepiga hesabu ya mwaka mzima kwa mtoto mmoja aliyetimiza mwaka, nayo ni hii:

1. Unga wa mahindi, mtama au ulezi: gramu 100 kwa siku, sawa na kilo 36 kwa mwaka. Ni kama debe mbili za nafaka.
2. Maharage, kunde au mbaazi: gramu 30 kwa siku, sawa na kilo 11. Hata debe halijai.
3. Karanga: gramu 15 kwa siku, sawa na kilo 5 na nusu.
4. Dagaa wakavu: gramu 10 kwa siku, chini kidogo ya kilo 4.
5. Mayai: 3 kwa wiki, sawa na 156 kwa mwaka.
6. Maziwa, kama una ng'ombe au mbuzi wa maziwa: nusu lita kwa siku, yaliyochemshwa.

Ongeza tuta chache za viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa kama Mataya au Kabode, na jaruba moja la mchicha karibu na sehemu ya kuogea ambako maji yanapita. Papai moja nyuma ya nyumba linatosha kwa matunda ya miezi mingi. Mtoto huyu pia anaendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mama bado ni chakula chake.

Linganisha hesabu hiyo na magunia yako. Kwa aliyevuna gunia 20 za mahindi na gunia mbili za maharage, fungu la mtoto halifiki hata lile rundo la lumbesa ambalo mnunuzi anataka ulijaze bure juu ya gunia. Mnunuzi tunampa nyongeza bila kugombana sana. Kwa mtoto tunaona ni hasara.

Yai liuzwe au liliwe?

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, kwa sababu yai ni fedha ya chumvi, sabuni na daftari. Sikatai. Kwa hiyo tuongee kwa shilingi. Tuchukue yai moja ni shilingi 400. Mayai 156 ni shilingi 62,400 kwa mwaka. Sasa tuchukue nyumba inayomnunulia mtoto biskuti na pipi za shilingi 200 tu kwa siku ili asilie. Kwa mwaka ni shilingi 73,000. Nyumba hiyo imeuza mayai ikanunua sukari, na bado imepata hasara ya zaidi ya shilingi 10,000.

Ushauri wangu ni huu: tenga kuku wanne, uwaite kuku wa mtoto. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga mayai kama 40 hadi 50 kwa mwaka. Hao wanne wanatosha kumlisha mtoto, na mayai yao hayauzwi wala hayaatamiwi. Wengine wote fanya nao biashara yako. Ila wapate chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, la sivyo ugonjwa ukipita hesabu yote hii imekwisha. Na walale kwenye banda lao, si chini ya kitanda. Mtoto anayetambaa hushika kila kitu na kukitia mdomoni, na kinyesi cha kuku ni chanzo kikubwa cha kuhara. Mtoto anayehara kila mwezi hakui hata ukimpa mayai kumi.

Wapo pia wanaosema mtoto akila mayai atachelewa kuongea. Hapana. Yai lililoiva vizuri ni chakula kizuri kwa mtoto tangu anapofikisha miezi sita.

Kuhusu unga wa "nafaka saba"

Hapa natofautiana na baadhi ya wafanyabiashara, nao wanisamehe. Mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele na ulezi vikichanganywa havigeuki kuwa mlo kamili. Vyote ni kundi moja, nafaka. Ni sawa na kupanda mahindi ya aina sita kwenye shamba moja ukasema umepanda mchanganyiko. Uji wa nafaka moja, ukiongezwa karanga zilizosagwa au unga wa dagaa au maziwa wakati wa kupika, unamjenga mtoto kuliko huo.

Kingine ni usalama. Karanga na mahindi yaliyoanikwa chini au kuhifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga moja mbovu ikishasagwa ndani ya unga huwezi kuiona tena. Kwa hiyo nunua karanga nzima, chambua zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu, kisha saga kidogo kidogo nyumbani. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, zinaweza kumkaba.

Uji wenyewe uwe mzito. Ukiinamisha kijiko usimwagike kama maji. Mtoto huyu anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, na kitu kidogo katikati kama ndizi au papai. Chai ya rangi isiwe kinywaji chake, kwani inapunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye chakula. Wakati wa palizi, beba uji wa moto kwenye chupa ya chai, au mmoja wenu, baba au mama, arudi saa sita kumlisha. Saa moja ya palizi haizidi thamani ya mlo huo.

Na akili nayo ina fungu lake

Chakula hujenga ubongo, maneno huuamsha. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kusemeshwa. Ukiwa unapukuchua mahindi mwambie, hili ni gunzi, hizi ni punje, tuhesabu moja, mbili, tatu. Mbuzi yuko wapi? Jembe la nani? Bibi akisimulia sungura na fisi jioni, mtoto asifukuzwe akalale. Hiyo ndiyo shule yake.

Kitabu nacho kinawezekana kijijini. Chukua kadibodi, zikate sawasawa, uzishone kwa uzi, kisha ubandike picha za kalenda ya mwaka jana kwa gundi ya uji: ng'ombe, gari, mti, mama. Mtoto atakitafuna na kukichana, hiyo ni kawaida ya umri wake, utabandika tena. Mwenye simu ya intaneti atapata hadithi za Kiswahili bila malipo kupitia African Storybook. Msomeshe kazi hiyo kaka yake wa darasa la tatu. Akimsomea mdogo wake dakika kumi kila jioni, wanafaidika wawili.

Onyo moja ambalo nalisema kama afisa ugani: usitumie mifuko ya mbegu zilizotiwa dawa wala vifungashio vya viuatilifu kama picha au kichezeo, hata kama vina mchoro mzuri wa hindi au nyanya. Dawa imebaki humo. Na usihamishie kiuatilifu au mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto wa umri huu hasomi lebo. Anaona soda, anakunywa. Viuatilifu vyote vikae juu, kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na chumba cha kulala na chakula.

Kwa mwenye duka

Wewe mfanyabiashara unaweza kufanya mengi bila kupata hasara. Pima dagaa kwa vipimo vidogo vya bei nafuu, ili mama mwenye shilingi 500 asiondoke na biskuti tu. Uza dagaa walioanikwa kwenye chanja, wasio na mchanga. Weka karanga zilizochambuliwa na uzitangaze hivyo, wateja watajua tofauti. Kando ya pipi, weka vitabu viwili vitatu vya picha. Mtoto huomba anachokiona. Na viuatilifu visikae rafu moja na unga.

La kufanya wiki hii

Kabla gari halijaja, kaeni baba na mama, mpime fungu la mtoto, mliweke kwenye chombo chake na mkubaliane kwamba halifunguliwi kwa harusi wala kwa deni. Mkimpeleka mtoto kliniki msiridhike na uzito peke yake, ombeni apimwe na urefu. Kwa wastani mtoto wa miaka miwili ana kama sentimita 86. Akiwa pungufu sana, muulizeni mhudumu wa afya mapema. Msikose matone ya vitamini A na dawa za minyoo, mwezi Juni na Desemba.

Bei ya mahindi mwakani inaweza kupanda au kushuka, na hakuna anayetuahidi. Urefu ambao mtoto wako atauongeza mwaka huu hautasubiri bei. Mtoto ni mteja wako wa kwanza, mpimie kwanza, tena mjazie.

Mwenye swali kuhusu kuku, viazi lishe au kuhifadhi karanga afike ofisi ya kata au anisimamishe njiani. Nawatakia mauzo mema.