Bendera Mmempa, Mkeka wa Kujifunzia Uko Wapi?



Jumatatu ile ya Julai 29 nilikuwa nyumbani Kitendaguro, likizo, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari na bando linaelekea kuisha. Paris walikuwa wanacheza judo, wanaume wa kilo 73. Mtu wetu alikuwa mmoja tu, Andrew Thomas Mlugu, yule yule aliyebeba bendera siku ya ufunguzi pamoja na muogeleaji Sophia Latiff. Hakufika kwenye medali. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka kumi na mbili, alikuwa kaning'inia begani kwangu anaangalia. Kesho yake nikamkuta kwenye kibanja na wenzake wametandika majani makavu ya migomba, wanaangushana. Akaniuliza: "Dada, hii wanafundisha wapi hapa Bukoba?"

Sikuwa na jibu. Nimeuliza mjini, nimeuliza watu wa Muleba, hakuna aliyenionyesha sehemu.

Kwa ambao hamuujui huu mchezo: pambano ni dakika nne. Ukimwangusha mwenzako chali sawasawa, hiyo ni ippon na habari imeisha, hata kama ni sekunde ya kumi. Hakuna cha kusema nitarudisha kipindi cha pili. Kwa hiyo mtu anatakiwa awe ameangushwa maelfu ya mara mazoezini, na kuanguka kwenyewe kunafundishwa. Ndiyo maana unahitaji mkeka maalumu, mwalimu, na wenzako wa uzito wako wa kushikana nao kila wiki. Majani ya migomba yatakuvunja shingo.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 2016 Mlugu huyu huyu alikuwa Rio, uzito huo huo wa kilo 73. Mimi nilikuwa darasa la saba, mwezi mmoja kabla ya tetemeko letu. Rio dhahabu ilichukuliwa na Shohei Ono wa Japani. Paris imechukuliwa na Hidayat Heydarov wa Azerbaijan, nchi ya watu kama milioni 10. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120. Miaka minane imepita, wenzetu wamebadilisha vizazi, sisi tumerudi na mtu yule yule, na katikati hapo, Tokyo, tulipeleka wanariadha watatu wa marathoni na judo hata mmoja. Simlaumu Mlugu, jamani. Namvulia kofia. Ninachouliza ni hiki: nyuma yake mmemwandaa nani?

Halafu kuna watu watasema judo ni mambo ya Wajapani. Kwani mpira ulianzia Kamachumu? Nendeni Zanzibar. Kule Mjapani mmoja, Tsuyoshi Shimaoka, alikaa, akafundisha, na leo Zanzibar ina historia ya judo. Mtu mmoja mwenye nia. Sisi tuna wizara nzima.

Na tuna sheria. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na sheria hiyo haikuishia Dar es Salaam, imeweka mpaka kamati za michezo za mikoa na wilaya. Umri wake umevuka nusu karne, mkubwa kuliko mama yangu. Katiba nayo, Ibara ya 8, inasema lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi. Mwaka wa kwanza chuoni nilisoma hiyo ibara nikafurahi sana, mpaka nilipokumbushwa kwamba Ibara ya 7(2) inasema sehemu hiyo hakuna mahakama inayoweza kuitilia nguvu. Yaani wamekuandikia ahadi, halafu ukurasa huo huo wakakuambia usije ukatudai mahakamani. Mkisikia tunapiga kelele za Katiba Mpya msidhani ni mambo ya wanasiasa wakubwa tu. Mkeka wa mdogo wangu umo humo.

Hela hazipo? Februari 2023 tulianza kuambiwa goli la mama ni Sh5 milioni kila Simba au Yanga wakifunga kwenye mashindano ya Afrika, na hatua za juu dau likapanda. Mimi ni Yanga, nilishangilia kama wengine, siwezi kudanganya. Lakini mwanasheria mtarajiwa ndani yangu anauliza: hii ni bajeti au ni takrima? Nani aliipitisha, wapi, kwa vigezo gani? Klabu zenye wadhamini matajiri zinapewa noti mbele ya kamera, mtoto wa Kitendaguro anapewa majani ya migomba. Medali za Olimpiki tulizonazo ni zile mbili za fedha za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Zaidi ya miaka 40. Wengi wenu wazazi wenu walikuwa hawajajuana.

Na sisi upinzani tusijitoe. Nimehudhuria mikutano yetu mingi, nimesikia kahawa, nimesikia umeme, nimesikia tume huru. Michezo sijaisikia, labda ile jezi anayovaa mgombea akienda kufungua bonanza. Novemba 2024 tulichagua viongozi wa mitaa. Wagombea wetu waambiwe mapema kwamba kijana wa kilo 73 naye ni mpiga kura.

Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni, kaeni pale nyuma, sikilizeni kifungu cha michezo kimetengewa shilingi ngapi na ngapi zimetoka. Kama jibu ni Kaitaba, ulizeni mara ya pili, maana Kaitaba ni mpira.

Mimi barua nimeshaipeleka kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini. Nimeuliza mambo mawili tu: kamati ya michezo ya wilaya ilikutana lini mara ya mwisho, na ukumbi gani unaweza kutumika Jumamosi. Karani aliisoma, akaniangalia, akauliza, "Judo?" Nikamwambia ndiyo, judo. Akagonga muhuri. Nakala ninayo, na wiki ya pili hii inaisha. Jumatatu narudi pale, na safari hii naenda na mdogo wangu.