Kompyuta Inapoganda, Okoa Kilichomo Kwanza



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa za watoto, chakula bora na usafi wa nyumba. Mwezi huu naomba tumzungumzie mgonjwa wa aina nyingine, ambaye siku hizi yumo katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe na Ng'ambo, na hata mashamba. Mgonjwa huyo ni kompyuta ya nyumbani. Watoto huitumia kwa masomo ya skuli, baba huandikia barua zake, na mama ameweka humo picha za familia na hesabu za kikundi. Siku ikiganda au ikikataa kuwaka, nyumba nzima huchanganyikiwa.

Nitaanza na yaliyonipata mwenyewe, maana nilifanya makosa matatu katika jioni moja.

Ilikuwa wakati wa masika. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Niliiwasha kompyuta upesi ili niingize michango ya mfuko wa kufarijiana wa akina mama wa kanisa letu, kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina. Kabla sijamaliza mstari wa pili, kioo kiliganda. Kipanya hakikusogea, na saa iliyo pembeni ya kioo ilisimama.

Kosa langu la kwanza, nilimwita mwanangu wa miaka 13 nikamgombeza kwamba ameingiza michezo yenye virusi. Alikana, nami sikumsikiliza. Kosa la pili, nilizima kwa nguvu na kuwasha tena, mara sita au saba, kama mtu anayemtikisa mgonjwa aliyezimia. Mara ya mwisho yalitokea maandishi meupe juu ya kioo cheusi, yakisema kwamba diski haionekani, na ndani ikasikika sauti ya tik, tik, tik. Kosa la tatu lilikuwa la zamani zaidi. Hesabu za miaka minne, pamoja na picha za Krismasi ya mwisho ya marehemu mama yangu, zilikuwa ndani ya mashine ile tu, na si mahali pengine popote.

Kesho yake tulimpelekea fundi. Akaitazama kwa dakika mbili, akasema, "Mama, hii inataka kupigwa Windows upya tu. Njoo jioni uichukue." Nilikuwa nimeshafungua mkoba nimpe malipo ya awali, mume wangu akauliza swali moja: "Na vilivyomo ndani?" Fundi akajibu bila wasiwasi kwamba vyote vitafutika. Tukaichukua kompyuta yetu, tukarudi nayo nyumbani. Mwisho wake nitawaeleza hapo chini.

KWA NINI KWETU HUTOKEA SANA

Adui wa kwanza ni umeme unaopanda na kushuka. Umeme wetu hutoka Tanzania Bara kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Wengi wetu hatujasahau mwaka 2008, tulipokaa gizani karibu mwezi mzima kuanzia Mei, wala miezi mitatu kati ya Desemba 2009 na Machi 2010. Mwaka 2013 ukaanza kutumika waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo umeme bado hukatika na kurudi, na hatari kubwa kwa kompyuta ni ile dakika unaporudi, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa kishindo. Tena, umeme ukikatika wakati diski inaandika, kilichokuwa kinaandikwa huweza kuharibika.

Adui wa pili ni unyevu na chumvi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya maji. Upepo wa bahari nao huleta chumvi, ambayo hula vyuma vidogo vidogo vilivyomo ndani ya mashine. Adui wa tatu ni joto pamoja na vumbi. Feni ikizibwa na vumbi, mashine hupata homa, na yenye homa huganda.

ULIZA HABARI KABLA YA KUTIBU

Kazini hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumuuliza maswali. Fanya vivyo hivyo. Iliganda lini? Umeme ulikatika? Kuna programu mpya iliyoingizwa? Imeanguka au imemwagikiwa chai? Inatoa sauti gani? Andika majibu kwenye karatasi, na kama kuna maandishi kwenye kioo, yapige picha kwa simu. Muulize mtoto kwa upole, maana mtoto anayeogopa kipigo atakuficha jambo ambalo fundi anahitaji kulijua.

IKIWA IMEGANDA

Kwanza, subiri dakika kumi. Huenda ina kazi nyingi tu. Bonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Kama taa yake inawaka na kuzimika, mashine bado inakusikia. Jaribu kubonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na Delete, kisha uifunge programu iliyokwama.

Pili, ikiwa haisikii kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi mpaka izime. Fanya hivyo mara moja. Iache ipoe nusu saa ndipo uiwashe.

Tatu, ikiwaka, usiendelee na kazi yako kama vile hakuna kilichotokea. Nakili kwanza vitu vya thamani kwenye flashi au diski ya nje. Baada ya hapo ndipo utafute sababu. Angalia kama diski imejaa, ondoa programu iliyoingia karibuni, safisha matundu ya feni kwa brashi laini mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kisha tafuta virusi.

IKIWA HAIWAKI KABISA

Hakuna taa wala sauti. Chomeka taa ya mezani kwenye soketi ile ile uone kama umeme upo. Kagua waya na swichi ya nyuma. Kama ni ya kupakata, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha chaja na ujaribu tena. Ikibaki kimya, huenda kilichokufa ni chaja, au katika kompyuta ya mezani kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Vitu hivyo hubadilishwa, na mara nyingi vilivyomo kwenye diski hubaki salama.

Feni inazunguka lakini kioo ni cheusi. Kagua waya wa kioo. Kama mashine inalia pi, pi, pi, hesabu milio hiyo umweleze fundi, maana ni lugha yake ya kusema wapi panauma. Mara nyingi ni vile vibao vidogo vya kumbukumbu vilivyoshika kutu. Fundi huvitoa, akasugua ncha zake taratibu kwa kifutio cha penseli, akavirudisha, na mashine ikawaka.

Inaandika kwamba haioni diski. Usiingiwe na hofu mara moja. Chomoa flashi zote kwanza, kwani pengine mashine inajaribu kuwakia kwenye flashi ya mtoto. Angalia pia kama tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Hiyo ni dalili ya betri ndogo ya ndani, yenye umbo la sarafu, kwamba imekwisha. Ikiisha, mashine husahau mipangilio yake. Kuibadilisha ni kazi ndogo.

Inaanza, kisha inakwama njiani. Windows za miaka ya karibuni, zikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo chagua kurekebisha uanzaji. Angalia sana: lipo pia chaguo la kuirudisha mashine katika upya wake, na humo utaulizwa kama mafaili yako yabaki au yaondolewe yote. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Inatoa sauti ya tik-tik. Hapa, mama mwenzangu, usijaribu jambo lolote. Izime na uichomoe. Hiyo ni diski ya kuzunguka inayokufa, na kila mara unapoiwasha unaipunguzia uhai. Diski za kisasa zisizozunguka hufa kimya, hivyo usingoje sauti ndipo uchukue tahadhari.

MWAMBIE FUNDI MANENO HAYA

Unapompelekea fundi, tangulia kusema: "Mwanangu, nataka vilivyomo ndani vitolewe kwanza. Usifute kitu bila kuniuliza." Mwandikie na kumpa orodha ya vile unavyovitaka zaidi. Mafundi wengi ni vijana waaminifu, lakini wanatibu mashine, na hawawezi kujua kwamba ndani yake yumo mama yako. Kupiga Windows upya huchukua muda mfupi na huiponya mashine mara nyingi, ila dawa hiyo hufuta.

AKIBA HAIOZI

Wanaotunza kumbukumbu wana kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa familia zetu yatosha nakala moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje iliyofungwa kabatini pakavu, na ya tatu kwa dada yako au kwenye hifadhi ya intaneti.

Wala tusidhani ni mambo ya sisi wadogo tu. Mwaka 1998 huko Marekani, katika kampuni ya Pixar inayotengeneza filamu za katuni, mtu alitoa amri kwa makosa, na sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ikafutika. Walipotafuta nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Aliyewaokoa alikuwa mama mmoja, Galyn Susman, ambaye alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga. Kwenye kompyuta yake ya nyumbani palikuwa na nakala. Waliifunga mashine hiyo katika mablanketi, wakaipeleka ofisini kwa gari taratibu sana. Filamu ilitoka mwaka 1999. Kampuni nzima ilitegemea akiba iliyokuwa nyumbani kwa mama anayelea.

Umeme nao uwekee ulinzi. Nunua stebilaiza, au ikiwezekana kifaa cha akiba ya umeme, kile mafundi wanachokiita yupiesi, kinachokupa dakika chache za kuzima vizuri. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika kumi utulie ndipo uchomeke. Wakati wa masika usiiweke mashine karibu na dirisha wala kuigusisha ukutani.

MWISHO WA KISA CHANGU

Kijana wa jirani yetu, anayetengeneza kompyuta huko Michenzani, alikubali kuitoa diski ile na kuiunganisha kwenye mashine yake. Alikaa nayo siku mbili. Picha za mama zilipatikana karibu zote. Hesabu za kikundi zilipatikana pia, lakini miezi saba ya mwisho ilikuwa imeharibika. Nilipomuuliza kama ni virusi, akacheka kwa heshima: "Hapana mama, ni umeme na uzee. Na kuiwasha-washa."

Jioni hiyo nilimwita mwanangu, nikamwomba radhi. Haikuwa rahisi, lakini aliponyamaza kisha akaniuliza kama nataka amsaidie fundi kubeba diski mpya, nilijua tumepatana.

Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya akina mama nikasema wazi kwamba nimepoteza kumbukumbu ya michango yao ya miezi saba kwa uzembe wangu. Ukumbi ulinyamaza. Ndipo bibi mmoja, ambaye hajawahi kushika kipanya maishani mwake, akafungua mkoba akatoa daftari la skuli la mjukuu wake. Humo alikuwa ameandika mchango wake wa kila mwezi, pamoja na ya wenzake watano wanaoleta kupitia kwake. Wengine walikuwa na ujumbe wa kutuma fedha kwenye simu zao. Kwa wiki tatu tulikaa, tukaijenga upya ile hesabu.

Ilibaki shilingi 40,000 ambazo dada mmoja alisema alinipa mkononi. Sikuikumbuka siku hiyo, wala hakukuwa na alama yoyote. Alinitazama usoni, na sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa kazi ya kutunza ilikuwa yangu. Niliziandika, nikazilipa kutoka mfukoni mwangu. Tangu siku ile hesabu zetu zinakaa kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye daftari la yule bibi.

Mnakumbuka mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo. Wote walikuwa na taa, na wote walilala. Waliotofautiana ni wale waliochukua mafuta ya akiba mapema. Usiku wa manane hakuna wa kukuazima.

Kwa hiyo, kabla Jumamosi hii haijaisha, kaa na watoto wako, chagueni pamoja picha na maandishi msiyotaka yapotee, myanakili. Ni kazi ya saa moja. Mungu azibariki nyumba zenu, nasi tuonane mwezi ujao.