Sampuli Yako Uliipoza Vipi?

Wadau, leo nina ugomvi na sentensi moja tu: "Kitu kilekile, joto lilelile, jibu lilelile." Tumeimeza tangu shule. Si mnakumbuka naftalini? Ikishuka chini ya joto la kuganda kabla haijaganda, halafu ipande tena, tunaambiwa kale kabonde tukapuuze, tuchore laini safi.

Sasa njoo kwa manganaiti. Chukua ile ya lanthani nusu, kalsiamu nusu, na manganizi na oksijeni. Ipoze. Karibu nyuzi 50 chini ya sifuri inageuka sumaku. Ikikaribia 120 chini ya sifuri inatakiwa kugeuka tena: visumaku vidogo ndani yake vinapingana, vinafutana, usumaku unaisha. Inatakiwa, nimesema. Ipoze ndani ya uga mkali wa sumaku uone sehemu yake ikigoma. Inakwama njiani kama kioo, ambacho nacho ni kioevu kilichokosa nafasi ya kuwa fuwele. Kipande kimoja, mitaa miwili. Mwaka 1999 Uehara na wenzake walionyesha mchanganyiko wa aina hiyo kwa darubini ya elektroni, katika manganaiti jirani yenye praseodimiamu.

Halafu mtu analeta grafu: "Katika joto hili, sehemu hii ni sumaku." Boss, uliipoza ndani ya uga gani? Kimya.

Kuna watakaosema sampuli ni chafu. Sawa, uchafu upo. Lakini kipande ni kilekile, umekipasha, ukakipoza upya kwa uga mwingine, na jibu likabadilika. Uchafu ulienda wapi? Na msiniambie ni kelele za mashine. Kelele haifuati uga uliopozea.

Akina Banerjee na Chaddah kule Indore, India, walitega mtego ninaoupenda sana: poza ndani ya uga mkali, punguza uga, kisha pasha polepole. Usumaku unaanza kuporomoka! Yaani joto ndilo linalofungua sehemu iliyokwama, ikamalize safari iliyoshindwa kuimaliza kwenye baridi. Ingekuwa imetulia tangu mwanzo, ingeporomoka kwa nini?

Kwa hivyo mwanafunzi akileta vipimo viwili visivyolingana, kabla hujamwambia afute kimoja, muulize alipoza vipi. Na wewe wa grafu, andika uga wa kupozea hapo chini. Ni mstari mmoja tu, jameni.