Terminator 2 Inaipiku ya Kwanza, na Sababu Si Picha

Leo tuweke mambo ya programu kando kidogo tuzungumzie sinema. Ingawa mnanijua: hata nikianza na sinema nitaishia kwenye programu tu.

Ukitaka kuzua ubishi kati ya wapenzi wa sinema za sayansi ya kubuni, waulize kama kuna sehemu ya pili iliyowahi kuishinda ya kwanza. Wengi watakwambia hakuna. Kwa kawaida sehemu ya pili hutengenezwa kwa tamaa ya pesa: stelingi yuleyule, adui aliyefufuka, magari mengi zaidi ya kulipuliwa. Mimi jibu langu ni fupi. Terminator 2: Judgment Day ya mwaka 1991 inaipiku The Terminator ya mwaka 1984, tena kwa mbali. Ila wengi wanaokubaliana nami wanatoa sababu isiyo yenyewe, ndiyo maana naandika. (Kama hujaziona, onyo: nafichua hadithi zote mbili.)

Sababu inayotolewa kila mara ni picha. Kweli, picha zake ni za ajabu. Sinema ya kwanza James Cameron aliitengeneza kwa dola milioni 6 na kitu. Ya pili ilikula karibu milioni 100. Adui wa sinema ya pili, T-1000 anayeigizwa na Robert Patrick, ni chuma cha majimaji. Anapenya kwenye nondo, anajilaza akawa sakafu, mkono wake unageuka upanga. Kampuni ya Industrial Light & Magic ilichora hayo kwa kompyuta, na sinema ikanyakua tuzo 4 za Oscar, mojawapo ikiwa ya madoido ya picha.

Lakini piga hesabu. Michoro ya kompyuta ni kama dakika 5 tu katika sinema ya dakika 137. Mengi yaliyobaki ni ufundi wa mikono: vinyago na vikaragosi vya Stan Winston, na hata pacha! Yule mlinzi wa hospitali anayeuawa na T-1000 aliyejigeuza kuwa yeye ni ndugu wawili pacha, Don na Dan Stanton. Linda Hamilton, anayeigiza Sarah Connor, naye alikuwa na pacha aliyeitwa Leslie, na Cameron akamtumia. Kwangu hilo ni somo tosha la uhandisi: usiandike mistari elfu kumi ya msimbo pale ambapo kuna njia rahisi. Hata hivyo, picha peke yake hazingeifanya sinema idumu.

Sababu yangu mimi ni hii: sinema ya kwanza inatufundisha kuiogopa mashine. Ya pili inatufundisha kumuuliza aliyeiandikia amri.

Turudi nyuma kidogo. Katika sinema ya kwanza, Arnold Schwarzenegger ni mashine iliyotumwa kutoka mwaka 2029 kuja kumuua Sarah kabla hajamzaa John, atakayeongoza binadamu vitani dhidi ya Skynet. Hachoki, hana huruma, huwezi kumbembeleza wala kumhonga. Kuna mahali tunaona dunia kupitia macho yake, na mistari ya msimbo inapita. Wazee wa kompyuta waliitambua: ni asembli ya prosesa 6502, ileile iliyokuwa ndani ya Apple II. Yaani mashine ya mwaka 2029 inaendeshwa na prosesa ya miaka ya sabini! Cheka utakavyo, lakini kuna ukweli humo. Roboti yule si shetani. Ni programu inayotekeleza orodha yake, mstari kwa mstari.

Ni kama Cameron mwenyewe alilifikiria jambo hilo kwa miaka saba. Katika sehemu ya pili anarudi Arnold yuleyule, chuma kilekile, nguvu zilezile. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: watu wa John walimkamata huko mbele wakamwandikia amri mpya. Safari hii ametumwa kumlinda John. Na adui? Anakuja amevaa sare za polisi, mpole, mwenye adabu, anauliza maswali yake taratibu. Sura haikwambii chochote. Amri ndiyo inayokwambia.

Kisha mtoto wa miaka kumi anampa mashine huyo kanuni ya ziada: usiue mtu. Linalofuata litamfurahisha kila anayeandika programu. Roboti haibishi. Anawapiga watu risasi za magoti! Kanuni imefuatwa, si ndiyo? Baadaye, mbele ya jengo la Cyberdyne, anamimina risasi kwenye magari ya polisi kwa bunduki kubwa, halafu machoni pake inajitokeza hesabu ya watu waliokufa: 0.0. Hadi na nukta ya desimali. Yeyote aliyewahi kupewa maelezo ya kazi yaliyoandikwa nusunusu anaelewa kichekesho hicho.

Katika toleo refu la sinema kuna kipande kingine kitamu. Tunaelezwa kwamba Skynet ikiwatuma mashine wake peke yao, huziweka chipu zao katika hali ya kusoma tu, bila kuandika. Maana yake, hata Skynet inaogopa mashine anayejifunza. Sarah na John wanaifungua ile chipu, na kuanzia hapo roboti anaanza kujifunza utu.

Wakati huohuo Sarah anakwenda upande wa pili. Anachukua bunduki usiku kwenda kumuua Miles Dyson, mhandisi wa Cyberdyne, kwa kosa ambalo bado hajalitenda. Ana amri moja tu kichwani, hasikii wala haoni. Yaani binadamu amekuwa mashine huku mashine anakuwa mtu. Sinema ya kwanza haikuwa na nafasi ya wazo kama hilo.

Na huyu Dyson, aliyeigizwa na Joe Morton, ndiye moyo wa hoja yangu. Si mwovu. Ana mke na mtoto, anafanya kazi nyumbani hadi usiku, anaipenda kazi yake. Kazini amepewa chipu iliyovunjika, mabaki ya mashine wa sinema ya kwanza, aichunguze. Ilitoka wapi? Waliambiwa wasiulize. Hawakuuliza.

Hapo ndipo sinema ya Marekani inapobisha hodi hapa kwetu Kenya. Mnazikumbuka zile programu za mikopo kwenye simu? Baadhi yake zilikuwa zikisoma namba zote ulizohifadhi, na ukichelewa kulipa, shemeji yako na bosi wako wanapigiwa simu waelezwe deni lako. Watu waliaibishwa mbele ya ukoo mzima kwa shilingi elfu mbili. Ilibidi Bunge libadilishe Sheria ya Benki Kuu ya Kenya mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikapiga marufuku vitisho na aibu za namna hiyo. Ni vizuri. Lakini programu haijiandiki. Mahali fulani palikuwa na kijana mwenye kikombe cha chai kando ya kompyuta, akaandika mistari inayokusanya majina hayo, akaijaribu, ikafanya kazi, akafurahi. Huyo ni Dyson wetu. Aliambiwa asiulize.

Tofauti ni kwamba Dyson alipoonyeshwa matokeo hakujitetea kwamba alikuwa akitii mkubwa wake. Aliwaongoza mwenyewe hadi maabara kuiteketeza kazi ya maisha yake, na akafia humo.

Najua watakaopinga. Watasema sinema ya kwanza ni fupi, dakika 107 zisizo na mafuta, na inatisha zaidi. Kweli. Watasema pia mantiki yake ni safi: Kyle Reese anarudi kumlinda Sarah na anakuwa baba wa John, mduara unafunga. Ya pili inauvunja mduara, maana Cyberdyne ikiteketea, nani atamtuma Kyle? Hitilafu hiyo naiona, na naikubali. Lakini katika mduara uliofungwa hakuna anayeamua chochote. Sarah anachonga mezani kwa kisu kwamba hakuna majaliwa, na kuanzia hapo kila mtu anawajibika kwa analolifanya. Mimi nitavumilia hitilafu moja ya mantiki ili nipate hilo. Ndiyo maana sehemu ya tatu, ya mwaka 2003, iliniudhi: ilikuja kutwambia kwamba maangamizi yasingezuilika hata hivyo, yaliahirishwa tu. Kwa hiyo Dyson alikufa bure?

Basi, mkiitazama tena, msihesabu milipuko. Mtazameni Dyson anapoelezwa kazi yake itazaa nini. Na kesho ofisini ukipewa kazi ukaambiwa usiulize ni ya nini, uliza.

Wale wa Aliens na The Empire Strikes Back najua mmeshakunja mikono ya mashati. Leteni hoja zenu hapo chini, ila matusi nitafuta.