Depite na Askari: Nani Anahesabu Mushahara?



Kila mwisho wa mwezi mimi karani ninasimama kwenye dirisha la mushahara, na watu wa mine wanajipanga mbele yangu. Nimejifunza neno moja: mtu akikosa feza yake, kesho mkono wake unakuwa muzito na roho yake inawaka. Naye anashika nyundo tu. Itakuwa namna gani kwa yule anayeshika bunduki?

Tukumbuke mwaka wa 1960. Tarehe 5 Julai, siku tano tu baada ya Uhuru, askari wa Force Publique walikataa amri. Hawakuwa na ofisa mweusi hata mmoja, na Generali Janssens aliwaandikia kwa ubao kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawasawa. Serikali ya Lumumba ilimweka Victor Lundula kuwa mukubwa wa jeshi, lakini moto ulikwisha kuwaka. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Inchi ilipasuka kwa sababu malalamiko ya kambini hayakusikiwa mapema.

Basi, kazi ya depite ni nini? Si kuingia kambini na mufuko wa sukari wakati wa kura. Askari si maskini wa kanisa. Sheria ya 15 Januari 2013 inataja haki zake. Katiba ya 2006 inasema jeshi ni la taifa zima, na inampa depite uwezo wa kumuuliza ministri, kumwita mbele ya Bunge, na kutuma watu wa kuchunguza. Tena yeye ndiye anayepiga kura juu ya bajeti. Asituambie eti mambo ya jeshi ni ya magenerali.

Tangu mwaka wa 2005, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kulianza kazi ya kutenga njia ya mushahara na njia ya amri, kwani komanda aliyepokea feza ya kikosi kizima aliweza kuandika majina ya watu wasiokuwako. Sisi makarani tunajua: mwenye kuandika majina asishike sanduku. Depite afuate feza ile mpaka mkononi mwa askari, na mpaka kwa mujane wake.

Wengine watasema: «Askari wanatunyanganya njiani, tuwatetee kwa nini?» Mwizi ahukumiwe, ndiyo. Lakini askari mwenye njaa anakula katika kikapu cha mama wa soko, na siku ya vita hana nguvu ya kusimama. Mwaka wa 2025 Goma ilianguka mwezi wa Januari, Bukavu mwezi wa Februari. Nani kati yetu hana ndugu kule?

Depite akirudi kuomba sauti zetu, tusimuulize ametuletea nini. Tumuulize: umemuuliza ministri mara ngapi juu ya mushahara wa askari, naye alijibu nini?