Askari wa Wanyama Naye ni Mfanyakazi

Ndugu Wanachama,

Shemeji yangu ni mtu wa Leparua, upande wa Isiolo. Kwao iko hifadhi ya jamii, ardhi ya wananchi wenyewe iliyotengwa kwa malisho na wanyama, lakini siisemi hiyo. Yeye ni askari wa wanyama katika hifadhi nyingine ya kaskazini, na jina lake naliacha kwa kuwa ana watoto wa kulisha. Desemba alinijia hapa Nanyuki kwa ruhusa ya siku nne, baada ya miezi mitatu kambini. Alilala mchana kutwa. Alipoamka nikamwuliza habari za kazi, na majibu yake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Huamka kabla ya alfajiri. Wakishakunywa chai ya rangi hutoka kwa miguu, na bunduki, redio na maji ya kutwa. Hutafuta nyayo, huandika daftarini tembo wangapi na punda milia wangapi, hutazama kama kuna mtego wa waya. Sisi wa genge la njia twaijua kazi ya kutembea na kutazama, lakini reli haikukimbizi wala haikupigi risasi. Usiku ng'ombe wakiibwa, ni wao waitwao kuwafuata wezi. Chakula ni posho ya unga na maharagwe; gari likikwama matopeni, huomba maziwa kwa wafugaji.

Nikamwuliza, siku yako ya kupumzika ni ipi? Akacheka. Ukiumia, nani atalipa? Hajui. Karatasi ya kuandikwa kazi? Alitia sahihi, karatasi ikaenda na bwana. Na chama? Waliambiwa kwamba wao si watu wa kiwandani, kazi yao ni ya kuipenda nchi.

Ndugu zangu, tangu lini mapenzi yakanunua unga? Sheria ya Ajira ya 2007 yasema siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye mshahara. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Sijaona palipoandikwa: isipokuwa yule alindaye tembo.

Yuko mwenzetu mmoja wa karakana aliyenipinga vikali. Alisema, "Askari hao ndio wanaowafukuza wafugaji penye nyasi wakati wa kiangazi. Leo tuwatetee?" Neno lake si la bure, malalamiko hayo yapo, na mengine yamefika mahakamani. Lakini nami namwuliza: askari asiye na karatasi wala chama, akiambiwa amfukuze mzee wa kwao na mbuzi wake, atakataa kwa kinywa gani? Kesho yake si atakuwa nje ya kambi? Akiwa na chama nyuma yake, aweza kusema, "Bwana, hili si halali." Basi hata mfugaji ana faida katika jambo hili.

Tena tazameni fedha zatoka wapi. Hifadhi nyingi za kaskazini hutegemea wafadhili wa ng'ambo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mtu wa porini ambaye hajapata kuiona Washington akakaa akihesabu siku za mshahara wake. Mtu kama huyo asipokuwa na chama, nani atamwuliza mwajiri, fedha zikikoma, watu hawa watalipwa nini?

Januari 1947, Mombasa, watu wa bandari na watu wa reli waligoma pamoja. Hawakuulizana nani hubeba gunia na nani hufunga taruma.

Kwa hiyo naomba tawi letu liandike jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, na makao makuu waulizwe ni chama gani kiwezacho kuwaandikisha askari hawa, na ada yake iwe kiasi gani. Mwenzetu wa karakana naye aje, aseme yake.

Shemeji alirudi Jumapili kwa matatu ya asubuhi. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya, basi nikampa vyangu vya kazi, vile vya zamani.

Ni mimi mwanachama wenu,
Mtu wa Genge la Njia, Nanyuki