TUSIMWACHE MSICHANA ABEBE LAWAMA PEKE YAKE

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito ataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, tena ulikuwa umechelewa. Hata hivyo, waraka wa Serikali hauwezi kubadili fikra za watu majumbani. Kazi hiyo ni yetu wenyewe, na bado hatujaifanya.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Wako watakaosema upesi kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Jawabu hilo ni jepesi, nalo linatuondolea wazazi wajibu wetu.

Hebu tutazame jinsi tunavyomlea msichana. Tangu utotoni hufundishwa kuinamisha macho na kutobishana na mwanamume. Jioni, kaka yake akishika daftari, yeye hushika ndoo. Avunjapo ungo huambiwa kwamba sasa ni mtu mzima. Na katika sehemu nyingi za Pwani na Kusini huchezwa unyago, ambako mengi anayofunzwa ni ya kumtunza mume, si ya kujilinda mwenyewe. Kwingineko ng'ombe wa mahari huanza kuhesabiwa angali darasani. Kwa njia zote hizo tunamwambia kwamba heshima ya mwanamke ni kuolewa na kuzaa. Kisha akipata mimba tunashangaa na kumfukuza nyumbani. Je, amekaidi mafunzo yetu, au ameyafuata?

Na huyo aliyezoezwa kutobishana, atapata wapi ujasiri wa kumkatalia mtu mzima mwenye fedha au madaraka juu yake?

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na adhabu ya kumpa mimba mwanafunzi ikawa kifungo cha miaka 30. Lakini sheria kali haisaidii kitu pale wazee wa pande mbili wanapokutana usiku, fedha zikatoka mkono huu kwenda mkono ule, na binti akaamriwa asimtaje mhusika. Mzazi wa namna hiyo hamlindi mwanawe, amemuuza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Hoja ya umri, basi, imekwisha kujibiwa na vyombo vya haki.

Hatusemi kwamba mila zote zitupwe. Tunasema kwamba somo na kungwi waongeze katika mafunzo yao neno "hapana". Baba amgawie mwanawe wa kiume kazi za nyumbani na kumfunza kuwajibika. Na mama aliyejifungua akiwa mtoto apokewe nyumbani, alelewe mtoto wake, arudi darasani.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tukiendelea kumlea binti anyamaze, tusimlaumu kwa matokeo ya ukimya tuliomfundisha sisi wenyewe.